Sufuria Yako, Akili Yetu

Sogeeni ndani, mkeka ni mpana, na aliyekaa mlangoni awapokee wenzake viatu. Habari yenyewe ni ya nchi moja ambayo hapa haitajwi jina. Si kwa hofu, la hasha, ni kwa adabu tu. Mtu hamtaji jirani kwa jina huku akieleza ugonjwa wake. Itoshe kusema ilikuwa nchi iliyoendelea. Iliendelea mpaka wananchi wakawa wanaiombea ipumzike kidogo.

Serikali ya nchi hiyo iligundua kwamba moshi wa jikoni unawatoa machozi akina mama, na kwa kuwa haikupenda raia walie bila idhini, ikapiga marufuku majiko ya mkaa. Yakazolewa kwa malori, yakapondwa, na kwa vyuma vyake ukajengwa mnara katikati ya mji mkuu, Mnara wa Jiko la Mwisho. Ukazinduliwa kwa mizinga. Mizinga ile ilitoa moshi kuliko majiko yote ya nchi yakiwekwa pamoja, lakini ule ulikuwa moshi wa kitaifa.

Badala ya jiko, kila nyumba ikapewa sufuria ya umeme iitwayo Mwerevu. Tuseme iliuziwa, maana kupewa kulifanyika jukwaani tu. Mwerevu alikuwa na akili, na si akili ya kubahatisha kama ya kwetu. Kitakoni mwake mlikuwa na programu iliyochomwa huko huko kiwandani, inayojua muda wa wali, ukali wa moto, na idadi ya watu wanaostahili kula. Kampuni iliyomtengeneza ilikuwa ya ng'ambo, na mitaani wakaiita Wenye Akili. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi cha hakimiliki ambacho waliokisoma ni wa kuhesabu, ila wauza karanga walikipenda sana kwa kufungia. Kilisema, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: SUFURIA NI YAKO. AKILI ILIYOMO NI YETU.

"Sasa hiyo maana yake nini?" Bi Sikudhani alimuuliza shoga yake Arafa, siku Mwerevu alipoletwa.

"Maana yake ni kama mume," Arafa akamjibu. "Mwili kwako, akili kwa mama yake."

Wakacheka mpaka Arafa akashika ukuta.

* * *

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa mtaa wa Mkunguni. Marehemu mumewe, fundi cherehani, alimwachia nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, jamvi moja kubwa, na mazoea: Ijumaa watu wakitoka msikitini, mlango haufungwi. Aje anayekuja. Mle ukumbini habari zote za mtaa ndimo zilimopikwa: nani kaposa, nani kakataliwa, karani gani kahamishwa na kwa fitina ya nani. Watu walisema ukitaka kujua utakufa kwa ugonjwa gani, kale kwa Bi Sikudhani. Hakujaliwa mtoto, lakini kelele za nyumba ile zingewatosha watoto tisa.

Arafa alikaa mlango wa pili, ng'ambo ya kichochoro. Walisuka nywele pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, Arafa akaachika mapema, na Bi Sikudhani alipokaa eda, Arafa ndiye aliyehamia na godoro lake. Alijua ufunguo unafichwa wapi. Alijua hata siku ambazo haukufichwa.

Na Mkunguni walikuwa na desturi yenye umri kuliko bendera. Ukipika kikanukia, jirani apate. Na sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na wali, irudi na embe, na kitumbua, na ukikosa kabisa, irudi na chumvi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenyewe, mimi na wewe basi. Ndiyo maana ungeweza kuikuta sahani ya mtu imekaa kwa jirani mwezi mzima, na mwenyewe haulizi, kwa sababu anajua mwenzake anatafuta cha kutia.

Mwerevu hakuijua desturi hiyo. Alipochomekwa kwenye umeme aliomba kitambulisho, akakisoma, kisha akasema kwa sauti ya yule dada anayetangaza ndege:

"Karibu, Mlaji. Hali: mjane. Watoto: hakuna. Idadi ya walaji: mmoja. Hongera."

Bi Sikudhani akatia mchele wake wa Ijumaa kama alivyozoea. Kifuniko kikagoma.

"Kuna ziada," Mwerevu akasema. "Tafadhali ondoa ziada."

Akapunguza. Kikagoma. Akapunguza tena, na tena, mpaka kikabaki kikombe kimoja, ndipo kifuniko kikajifunga kwa mlio mtamu kama wa busu.

Wageni walipofika na kujipanga jamvini, katikati yao kikawekwa kichuguu cha wali ambacho kuku mmoja angekimaliza akiwa na haraka. Mzee Kitwana, karani mstaafu, ambaye katika ukumbi ule hajawahi kusema ametosheka, akakohoa.

"Mimi leo nimeshiba," akasema.

Ulikuwa uongo wa kwanza kusemwa na tumbo la Mzee Kitwana. Wengine wakakumbuka kwamba nao wameshiba, wengine wakakumbuka wagonjwa wa kwenda kuwatazama. Ijumaa iliyofuata wakaja wachache. Iliyofuata hiyo, alikuja Arafa peke yake, na chakula chake kwenye bakuli.

Lazima isemwe kwamba serikali haikuwa imesahau wageni. Palikuwa na leseni ya Mlaji wa Kupita. Uliiomba mapema, ukaambatisha picha ya mgeni, ukaeleza tarehe ambayo atasikia njaa. Bi Sikudhani alikwenda kuiomba. Akaulizwa wageni wake ni akina nani.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hawajafika."

Karani akamtazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo watu wa zamani.

Basi mwanamke ambaye tangu azaliwe hajapata kula bila bega la mtu kumgusa, akaanza kula peke yake. Chakula cha mmoja, alikuwa akisema, ni dawa. Unakimeza ukiangalia ukuta.

* * *

Manung'uniko yakazidi nchi nzima, na kwa kuwa serikali ile ilikuwa sikivu, ikatangaza kuwa imesikia. Waziri wa Akili za Vyombo, Mheshimiwa Mfaume Kasri, akaja mwenyewe uwanja wa Mkunguni, saa nne asubuhi, na bendi ya polisi. Watu walijaa mpaka juu ya mabati.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akaanza, "serikali yenu imekaa. Ikasimama. Ikakaa tena, ikatafakari. Je, mwananchi aliyenunua sufuria anayo haki ya kuigusa akili yake? Wapo wanaosema anayo. Wapo wanaosema hana. Serikali inakubaliana na wote."

Makofi.

"Wenye Akili ni wabia wetu. Akili yao ni hakimiliki yao, na hakimiliki ni kama mke wa mtu. Lakini mwananchi naye ni mwananchi. Kwa hiyo, kuanzia leo, natamka mbele ya bendi hii: kurekebisha akili ya sufuria kwa matumizi binafsi, ruksa."

Bendi ikapiga. Vigelegele vikapanda. Mzee Kitwana akanyoosha bakora yake mpaka akaonekana.

"Mheshimiwa, hiyo binafsi inaanzia wapi, inaishia wapi?"

Waziri akatabasamu tabasamu la kwenye bango. "Mzee wangu, swali zuri mno. Binafsi ni binafsi. Wewe ukiwa nyumbani kwako, unajijua kwamba ni wewe?"

"Najijua."

"Basi ndiyo hiyo."

Mzee Kitwana akaketi, ameridhika kama mtu aliyerudishiwa chenji ya fedha ya nchi nyingine.

Arafa akampiga Bi Sikudhani kiwiko. "Shoga, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa unangoja nini? Mtu mzima kasema mchana, na tarumbeta juu."

"Mimi na serikali, Arafa, tunapendana kwa mbali."

"Utakula ukiangalia ukuta mpaka lini? Twende, nitakushika mkono."

Na akamshika kweli. Hata mwavuli ni Arafa aliyeubeba.

* * *

Fundi Shomvi alikuwa na kibanda nyuma ya soko la samaki, na siku ile ile ya hotuba alikuwa ameshabandika kibao: TUNAREKEBISHA AKILI. MATUMIZI BINAFSI TU. Rangi ilikuwa haijakauka. Alikuwa kijana wa maneno mengi, aliyezungumza na kila mashine kama anaitongoza.

"Mama, kazi hii sasa halali kama maji ya mvua," akasema, akimpindua Mwerevu kichwa chini. "Jana ningekwambia njoo kwa mlango wa uani. Leo pita mbele, na ukitaka upige picha. Ila sheria ni sheria, nikuulize: ni kwa matumizi binafsi?"

Kabla Bi Sikudhani hajafungua kinywa, Arafa akajibu.

"Ya kwake mwenyewe. Mimi shahidi."

Fundi akachomeka waya kwenye kitako cha sufuria, upande wa pili kwenye kompyuta iliyopungua meno kama Mzee Kitwana. Maandishi yakateremka, taa zikakonyeza. Akaeleza kwamba hafuti akili ya watu, Mungu apishe mbali. Anaifundisha tu iache kuhesabu vichwa. Mwerevu akatoa mlio kama mtu anayeota. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya dada wa ndege:

"Karibuni nyote. Pikeni mpendavyo."

Bi Sikudhani alilia pale pale kibandani, mbele ya vichwa vya samaki. Arafa akamfuta kwa ncha ya kanga yake.

Ijumaa ile Mkunguni ilinukia. Ilinukia binzari nyembamba, na iliki, na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikajuta. Watu hawakualikwa; pua ziliwaleta. Jamvi likajaa, ukumbi ukajaa, baraza likajaa, na wengine wakala wamesimama kwenye kichochoro huku wakitoa hukumu juu ya ndoa za watu. Mzee Kitwana aliongezwa, akaongezwa tena, akasema tumbo lake linaomba radhi kwa maneno liliyowahi kusema.

Aliyekosekana ni Arafa peke yake. Alituma salamu kwamba kichwa kinamgonga.

Shoga yako akiumwa wewe unakula? Bi Sikudhani alichukua sahani yake ya bati yenye maua mekundu, ile iliyobanduka rangi ukingoni, ambayo mama yake alimpa siku ya harusi na ambayo haitoki nyumbani ovyo. Akaipakua pilau, nyama juu, akafunika kwa kawa, akavuka kichochoro mwenyewe.

Mlangoni kwa Arafa aliona viatu. Vya kiume, vyeusi, vya ncha kali, vinang'aa mpaka unajiona. Havikuwa viatu vya Mkunguni. Mkunguni hapakuwa na mguu wa namna ile.

Arafa alitokea haraka, akaipokea sahani bila kufunua kawa.

"Ahsante, shoga. Hata sijui nikushukuru vipi. Sahani nitakuletea, nitafute kwanza cha kutia."

"Usijali. Kichwa je?"

"Kinagonga."

Bi Sikudhani akarudi kwake anatabasamu peke yake. Viatu. Arafa kapata mchumba. Ulikuwa udaku mtamu kuliko ile pilau, na ukumbi mzima ulikuwa umekaa tayari kuupokea. Nao angewapa, wallahi, ila alikumbuka godoro la Arafa ukumbini wakati wa eda. Akasema moyoni, mwache shoga yangu aseme mwenyewe siku yake ikifika. Kwa mara ya kwanza maishani, Bi Sikudhani alimeza habari. Na hiyo moja, kama angeitema, pale jamvini angepatikana mtu wa kumwambia viatu vile ni vya nani.

* * *

Wiki zikapita, sahani haijarudi.

"Sahani yako imeolewa kule?" Mzee Kitwana akatania.

"Mwenzangu anatafuta cha kutia," akasema. "Arafa si mtu wa kutia chumvi."

Badala ya sahani kikaja Kikosi cha Kulinda Akili. Walikuja na gari lenye king'ora, wakaingia ukumbini kwa hatua za gwaride, wakamfunga Mwerevu pingu kwenye masikio yote mawili. Ofisa wao akamsomea haki zake.

"Una haki ya kunyamaza," akaiambia sufuria.

"Karibuni nyote," Mwerevu akasema. "Pikeni mpendavyo."

"Andika," ofisa akamwambia mwenzake. "Amekiri."

Siku ya kesi mahakama ilijaa kama Ijumaa, na Bi Sikudhani alipoingia na kuziona zile nyuso zote zilizokula kwake, moyo ukamtulia. Hawa ni watu wangu, akajiambia. Kisha wakaanza kuitwa.

Mzee Kitwana alipanda kizimbani na bakora yake. Alikuwa kwa mshtakiwa Ijumaa ile? Alikuwa. Alikula? Akaitazama dari.

"Mimi siku ile nilifunga, mheshimiwa. Sunna."

Wa pili naye alifunga. Wa tatu alifunga, na mkewe pia, nadhiri. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa chini ya kiapo, mtaa mzima wa Mkunguni ulikaa kwa Bi Sikudhani Ijumaa ile ukitazama pilau kwa ajili ya thawabu. Hakimu aliguswa sana, akausifu mtaa kwa ucha Mungu.

Fundi Shomvi akaja amevaa kofia mpya yenye nembo ya Wenye Akili. "Mimi nilimuuliza, mheshimiwa. Nikaambiwa binafsi. Nilidanganywa, na mpaka leo sijapona." Ikaelezwa kwamba sasa ni mshauri wa kampuni.

Hata hapo Bi Sikudhani hakuvunjika. Wanaume, akasema moyoni, matumbo yao ndiyo yenye kumbukumbu. Arafa bado. Arafa alikuwapo kibandani, alikuwapo uwanjani, Arafa atasema waziri alitamka nini.

Wakili wa Wenye Akili akasimama ili amwite shahidi wake wa mwisho. Bi Sikudhani, aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya watu wakubwa, akaviona viatu vyake. Vyeusi, vya ncha kali, vinang'aa.

"Namwita Bi Arafa," wakili akasema.

Arafa alikuja na kanga mpya, gora halijaoshwa. Mikononi alishika kitu kimefungwa kwenye nailoni yenye muhuri. Kilipofunuliwa, kilikuwa sahani ya bati yenye maua mekundu, imebanduka rangi ukingoni, na pilau ya Ijumaa ile imekaukia humo, punje kwa punje, hata haijaguswa.

"Ilikujaje kwako?" wakili akauliza.

"Aliileta mwenyewe."

"Uliomba?"

"Sikuomba."

"Ulilipa?"

"Sisi hatulipi," Arafa akasema taratibu. "Sahani tunairudisha na kitu."

"Na kitu!" wakili akageukia hakimu, uso umemng'aa kuliko viatu. "Mheshimiwa, mahakama imesikia. Malipo ya baadaye."

Hakimu akavaa miwani. "Mshtakiwa, sahani hii ni yako?"

Angeweza kukana. Sahani za bati zenye maua zilikuwa zimejaa nchi nzima. Hata wakili wake, aliyekuwa amelala, alifumbua jicho moja kumwashiria akane. Lakini ile ilikuwa sahani ya mama yake.

"Ni yangu," akasema. Kisha akamgeukia Arafa, na mahakama nzima ikanyamaza ili isikie matusi. "Shoga, siku ile ulikuwa unaumwa kweli?"

Arafa akaitazama sakafu. "Kichwa kilikuwa kinagonga."

"Pole," Bi Sikudhani akasema, akakaa.

* * *

Hukumu ilisomwa kwa saa nzima, na magazeti yote yakaiita ya kihistoria.

"Mahakama hii," hakimu alisema, "inathibitisha haki tukufu ya raia kurekebisha akili ya sufuria yake kwa matumizi binafsi. Haki hiyo haijaguswa, na atakayeigusa ataniona. Mshtakiwa hana kosa lolote la kurekebisha sufuria. Lakini mtu binafsi ni mmoja. Alipomkaribisha wa pili, pale hapakuwa na binafsi tena, palikuwa na hadhara. Alipovusha sahani mlango wake, akawa msambazaji. Na alipongoja sahani irudi na kitu, akawa mfanyabiashara. Kwa maneno mepesi, mshtakiwa ametenda ukarimu kwa kutumia akili ya mtu mwingine. Kwa kuwa ni mjane, na ni kosa lake la kwanza, sitamfunga. Sufuria irudishiwe akili yake halali. Na mshtakiwa asitamke neno karibu wakati wowote sufuria ikiwa kwenye umeme."

Mheshimiwa Kasri aliwaambia waandishi kwamba huu ni ushindi wa mwananchi. HAKI YA SUFURIA YATHIBITISHWA, likaandika gazeti la serikali. Bi Sikudhani alilinunua, akalitandika mezani.

Na nyumba ya Arafa ikapakwa rangi. Juu ya mlango kikawekwa kibao cha shaba: NYUMBA YA MFANO. Wenye Akili walimpa sufuria kubwa inayojua walaji wasio na idadi, leseni imelipiwa, kwa sharti kwamba wageni wale karibu na dirisha ili wapigwe picha. Ijumaa ya kwanza watu walipita kichochoroni vichwa chini, kama wanaotafuta sindano, wakaingia mlango wa pili. Mzee Kitwana alipita haraka kuliko wote, bakora kwapani.

Bi Sikudhani aliwasikia kutoka kwake. Aliwajua mmoja mmoja kwa vicheko. Alisikia habari ya mtu ikianza, akasikia wakicheka mwisho wake, na katikati asisikie kitu.

"Hodi," ikasemwa mlangoni.

Mwerevu alikuwa kwenye umeme, kwa hiyo Bi Sikudhani hakuitikia. Arafa akaingia mwenyewe. Alikuwa amebeba sahani ya bati yenye maua mekundu, imeoshwa, imejaa pilau ya moto, nyama juu.

"Mahakama wameniachia sahani," akasema. "Nimeona nisikurudishie tupu, shoga."

Bi Sikudhani akaiangalia pilau. Ilipikwa vizuri. "Sufuria gani hii?"

"Ile waliyonipa."

"Na akili?"

"Yao." Arafa akabadili mguu. "Sikudhani, walikuja wakasema lazima wapate sufuria moja hapa mtaani, iwe mfano. Wakasema kama si yako itakuwa yangu. Wewe huna mtoto. Mimi wajukuu wananilalia njaa mlangoni, na Mwerevu wangu alikuwa hawahesabu, anasema si wa nyumba hii. Ungefanyaje? Na waliniapia hawatakufunga."

"Hawakunifunga."

"Si unaona?"

"Wamenifungia watu nje," Bi Sikudhani akasema. "Kibandani kwa yule fundi, uliposema wewe ni shahidi. Walikuwa wameshakuja kwako?"

Arafa akavuta kanga yake mpya mabegani. Ng'ambo ya kichochoro mtu alichekesha, nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Tandaza kanga," Bi Sikudhani akasema.

Arafa akatandaza. Mikono yake ilifanya kwa mazoea, kama ilivyofanya tangu utotoni, mmoja akiangua zambarau, mwingine akikinga. Bi Sikudhani akachukua sahani, akaiinamisha. Pilau yote ikateremka kwenye kanga, na nyama yake, na mafuta yake, yakapenya kitambaa kipya mpaka yakadondoka sakafuni.

"Sahani ni yangu," akamwambia. "Kilichomo ni chenu."

Arafa alivuka kichochoro ameinama, ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, mafuta yanamchirizika miguuni, na baraza zote zinamtazama. Hakuna aliyesema kitu. Wote, huenda, walikuwa wamefunga.

Bi Sikudhani akaisuuza sahani, akaifuta, akapakua kikombe chake.

"Mlaji mmoja," Mwerevu akasema. "Hongera kwa matumizi binafsi."

Kivuli cha mtu kikapita mlangoni, kikapunguza mwendo. Mdomo wa Bi Sikudhani ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, kusema lile neno. Akautia tonge.